Picha za Mtwara Mtandaoni: Punguza Mwenyewe, Punguza Mara Moja

Mwenye nyumba ya wageni Mikindani, mchonga vinyago, mama anayebangua korosho na kutafuta wateja Dar es Salaam, kijana anayewatembeza wageni kwa boti hadi Msimbati: kwa wote hawa siku hizi picha inatangulia, maneno yanafuata. Mteja anafungua ukurasa, anatazama, anaamua. Inasikitisha kuona jinsi picha nyingi za mkoa wetu zinavyofika kwa mteja huyo. Nyingine ni nzito mno, ukurasa unakwama katikati na bando linateketea. Nyingine ni nyepesi, lakini zimejaa ukungu. Mikoko ya mdomo wa Ruvuma imegeuka doa la kijani, na uso wa kinyago umebaki kipande cheusi kisicho na macho.

Mara nyingi simu haina kosa. Ilipiga picha nzuri, nayo ikaharibika njiani, kati ya simu na ukurasa. Wengi wanadhani kuipunguza ndiko kulikoiua. Sikubaliani nao. Picha hustahimili sana kupunguzwa, mradi ipunguzwe na mtu anayejua inaonyesha nini, tena mara moja tu, kutoka kwenye ile ya asili.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu hapa tutabahatisha. Simu ya kawaida yenye kamera ya megapikseli 12 hutoa picha yenye pikseli 4000 kwa 3000, na faili lake huwa la megabaiti tatu hadi sita hivi. Mteja wako je, anaitazamia wapi? Simu nyingi za bei nafuu zina kioo chenye upana wa pikseli 720, na za bei ya juu kidogo 1080. Kwa hiyo ukimpelekea pikseli 4000, sehemu kubwa ya alichokilipia kwenye bando hataiona kamwe. Simu yake itaipakua yote, kisha itaibana yenyewe ili itoshe kwenye kioo.

Ukurasa wenye picha kumi za megabaiti nne ni megabaiti 40. Kwa intaneti ya megabiti mbili kwa sekunde, kasi ambayo watu wengi wa vijijini wangeishukuru, ukurasa huo utachukua sekunde 160, karibu dakika tatu. Hakuna mgeni atakayesubiri dakika tatu kuona chumba. Picha hizohizo zikipunguzwa hadi kilobaiti 200 kila moja, ukurasa unafunguka kwa sekunde nane. Na wale wanaosema intaneti sasa ina kasi wakumbuke Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi, na kwa siku kadhaa kurasa nzito zilikuwa kama hazipo.

Vipimo ninavyoshauri ni hivi. Picha ya kawaida ndani ya ukurasa iwe na upande mrefu wa pikseli 1200 hadi 1600. Picha kubwa ya juu ya ukurasa, ile inayojaza kioo cha kompyuta, inaweza kufika 2000. Kijipicha cha orodha kinatosha kwa 400 au 500. Instagram inaonyesha upana wa pikseli 1080, kwa hiyo ukipeleka zaidi itapunguza yenyewe, kwa namna yake. Yule anayekwambia picha ya mtandaoni lazima iwe na "DPI 72" msamehe tu. Namba hiyo inahusu karatasi na mashine ya kuchapa. Kwenye kioo, picha ya pikseli 1600 ni ya pikseli 1600 hata ukiiandikia DPI 72, 300 au 1000.

Sasa njia ya picha. Kwetu njia kuu ni WhatsApp, na hapo ndipo ninapoona uharibifu mkubwa zaidi. Mpiga picha anampelekea mwenye hoteli kwa WhatsApp, mwenye hoteli anamtumia kijana wa tovuti kwa WhatsApp, kijana anaipakia kwenye tovuti inayobana tena. Kila kituo kinapunguza na kubana kivyake, na hasara ya kituo kimoja inabebwa hadi kingine, kama fotokopi iliyotolewa kwenye fotokopi. WhatsApp kwa kawaida huishusha picha hadi pikseli 1600 hivi upande mrefu na kuibana sana. Tangu Agosti 2023 kuna chaguo la HD, ambalo ni bora zaidi, ila nalo linabana. Dawa ni rahisi: ukibonyeza alama ya kuambatisha, usichague picha, chagua hati, kisha itafute picha yako humo. Ikienda kama hati inafika vilevile ilivyo, pikseli zote na rangi zote. Au itume kwa barua pepe, au ipeleke kwa flashi. Mwambie hivyo kila anayekupigia picha, tena mwambie kabla hajapiga.

Faili la asili likishafika, litengenezee nakala na ufanye kazi kwenye nakala. JPEG, ambayo kiwango chake kilipitishwa mwaka 1992 na hadi leo ndiyo inayobeba picha nyingi duniani, hupunguza uzito kwa kutupa taarifa, na kila unapoihifadhi upya inatupa nyingine. Kwa hiyo rekebisha mwanga, kata, punguza, noa, kisha hifadhi mara moja. Usihifadhi kila hatua.

Kukata kunakuja mapema, kabla ya kupunguza. Picha ya Boma la Mikindani, lile la Wajerumani la mwaka 1895 lililokarabatiwa likawa hoteli, mara nyingi ina theluthi nzima ya anga juu na barabara tupu chini. Kata anga, kata barabara, ukuta mweupe na mnara vijae. Ukipunguza picha yote hadi pikseli 1600, huenda jengo lenyewe likapata 700 tu. Ukikata kwanza, linapata karibu zote 1600. Hakuna programu wala kamera itakayokupa uwazi mwingi kiasi hicho bure.

Kisha punguza. Ukitoka pikseli 4000 kwenda 1600, kila pikseli mpya inachukua nafasi ya zaidi ya sita za zamani. Programu nzuri huchanganya zile za zamani kwa uwiano na kutoa wastani wake, na ndiyo maana picha iliyopunguzwa vizuri mara nyingi huonekana safi kuliko ya asili: chembechembe za gizani zinamezana, mtikisiko mdogo wa mkono hauonekani tena. Picha ya ngalawa iliyopigwa ndani ya boti inayoyumba, ambayo ukiikuza kwenye simu unakata tamaa, inaweza kupendeza kabisa kwenye pikseli 1200.

Programu mbaya, au nzuri iliyowekwa vibaya, haichanganyi. Inachagua pikseli moja na kuzitupa jirani zake. Ukitaka kuona tofauti, tafuta picha ya dema. Mtego huo wa samaki umesukwa kwa fito nyembamba zinazopishana na kuacha matundu yanayojirudia mamia ya mara. Lipunguze kwa njia ya kuchagua pikseli jirani tu, utaona juu ya msuko michirizi mipana ya mawimbi ambayo haikuwepo kwenye dema wala kwenye bahari. Fito nyingine zinakatika, nyingine zinakuwa na meno kama msumeno. Lipunguze dema lilelile kwa njia iitwayo Lanczos, au kwa ile iitwayo bicubic, msuko unatulia na matundu yanasomeka. Kamba za jahazi, nyavu zilizoanikwa na paa la makuti vina tabia hiyohiyo. Programu ya bure ya GIMP inakuuliza uchague njia wakati wa kupunguza. Usipite hapo bila kusoma. Squoosh ya Google, inayofanya kazi ndani ya kivinjari bila picha kutoka kwenye simu au kompyuta yako, ina Lanczos, na inakuwekea picha ya kwanza na ya pili bega kwa bega ulinganishe. Kwa anayeanza, huko ndiko ningemwelekeza.

Baada ya kupunguza, noa. Wengi hunoa kwanza, halafu wanashangaa makali yamepotea. Kule kuchanganya pikseli kunalainisha kidogo kingo, kwa hiyo ukali urudishwe mwishoni, kwenye vipimo vile vitakavyoonekana. Tumia kiasi kidogo, duara (radius) la nusu pikseli hadi pikseli moja linatosha. Dalili ya kuzidisha ni utepe mweupe unaozunguka minazi dhidi ya anga. Ukiuona, rudi nyuma. Nyuso za watu zinahitaji kunolewa kidogo kuliko majengo. Bibi mwenye ndonya mdomoni hastahili kuongezewa mikunjo na kompyuta.

Kubana ndiko kunakotaka jicho lako zaidi, kwa sababu hapa kila picha ina tabia yake. JPEG huigawa picha katika vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8 na kurahisisha kilichomo ndani ya kila kimoja. Kiwango cha ubora cha 75 hadi 85 kinafaa picha nyingi. Juu ya 90 faili linanenepa bila jicho kuona faida; chini ya 60 vijisanduku vinaanza kujitokeza. Lakini usiishike namba ukaacha kutazama. Pwani ya Msimbati adhuhuri, mchanga mweupe, maji na anga, inabanika hadi kuwa faili dogo sana, na kwa sababu hiyo watu huibana kupita kiasi. Ndipo anga, ambalo lilikuwa likififia taratibu kutoka buluu nzito hadi nyeupe, linapokatika ngazi ngazi. Picha kama hiyo iache kwenye 85, bado itakuwa nyepesi. Kinyume chake, banda la makuti lenye mamia ya majani linaweza kutoa faili linalozidi la pwani mara mbili au zaidi kwa vipimo vilevile. Hiyo unaweza kuibana hadi 70 na hakuna atakayegundua, maana kasoro zinajificha kwenye fujo ya majani.

Kanga ni kesi yake. JPEG kwa kawaida huhifadhi taarifa za rangi kwa uchache kuliko za mwanga, kwa sababu jicho la binadamu haliioni rangi kwa ukali. Kwenye mandhari hutaona. Lakini maandishi mekundu juu ya kanga nyeusi, herufi nyembamba zile, yanavuja rangi pembeni na kuwa na ukungu, na mnunuzi hawezi kusoma jina la kanga anayotaka kununua. Programu nzuri zinakuruhusu kuizima tabia hiyo; katika GIMP fungua mipangilio ya ziada ya kuhifadhi JPEG, uchague namba 4:4:4. Izime kwa kanga, kwa vitambaa vyote vyenye wekundu mkali, na kwa mifuko ya korosho yenye chapa.

Nikae kidogo kwenye vinyago, kwa sababu Wamakonde wametupa sanaa ambayo dunia nzima inaitafuta, nasi tunaionyesha vibaya. Mpingo ni mweusi na unang'aa. Ukipiga picha juani unapata sehemu mbili tu, weusi mtupu na mng'ao mweupe, na JPEG ikibanwa inaanza kutupa hasa kwenye weusi. Kinyago cha ujamaa, chenye watu wengi waliopandana, kila mmoja na uso wake, kinarudi kikiwa kigogo. Kazi ya kukiokoa inaanza kabla ya kupunguza: kipige kivulini, karibu na mlango ulio wazi, na kitambaa cha rangi ya mchanga nyuma yake. Kisha kwenye faili la asili inua mwanga wa sehemu za giza hadi uone chale za usoni na nafasi kati ya mikono. Halafu ndipo upunguze, ukihifadhi kwa ubora wa 85. Tena usiweke picha moja ya kinyago kizima ukadhani umemaliza. Weka ya pili ya uso peke yake, iliyokatwa kutoka kwenye faili hilohilo la asili, upande mrefu pikseli 1200. Mnunuzi aliye Ujerumani hawezi kukishika, basi mpe nafasi ya kuona kisu kilipopita.

Rangi ya bahari nayo huwaponyoka watu. Simu kadhaa za sasa, iPhone zikiwemo, huhifadhi picha kwa wigo mpana wa rangi, na baadhi ya programu zikipunguza zinafuta maelezo ya wigo huo bila kuzibadili rangi zenyewe. Matokeo yake, kijani-buluu cha Ghuba ya Mnazi kinapauka. Kabla ya kuhifadhi, ibadilishe picha iwe sRGB, wigo wa kawaida wa mtandao. iPhone pia hupiga picha kwa aina ya faili iitwayo HEIC, ambayo vivinjari vingi na tovuti nyingi haziisomi. Ibadilishe iwe JPEG. WebP, iliyotolewa na Google mwaka 2010, hutoa faili dogo kuliko JPEG kwa ubora unaokaribiana na vivinjari vya sasa vinaifungua vizuri, kwa hiyo kama tovuti yako inaikubali itumie. Nembo na matangazo ya maandishi matupu yaende kwa PNG.

Wenye tovuti za WordPress wajue kwamba mfumo huo huikata kila picha katika saizi kadhaa, na tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019 huishusha picha yoyote kubwa hadi pikseli 2560. Ni msaada, lakini unachagua kwa namba, haujui kanga wala kinyago. Upe picha iliyokwisha kutengenezwa.

Kukuza je? Umepewa picha ya pikseli 640 iliyopita vikundi vitatu vya WhatsApp, na unataka ijaze ukurasa. Usiikuze. Iweke ndogo, au kapige nyingine. Zipo sasa programu za akili bandia zinazokuza na "kurudisha" uwazi, na matokeo yake hupendeza kweli, lakini kinachoonekana hakikurudishwa, kimebuniwa. Kwenye uso wa kinyago ni chale ambazo mchongaji hakuzichonga. Kwenye uso wa mtu ni mtu mwingine. Kwa anayeuza kazi ya mkono, huo ni udanganyifu, na mteja akifungua mzigo atauona.

Kabla hujapakia, ondoa pia taarifa za mahali. Simu nyingi, zikiruhusiwa, huandika ndani ya faili latitudo na longitudo ya mahali ulipopigia. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kuna kasa wanaopanda mchangani kutaga. Picha ya kiota ikipandishwa na namba hizo, umemwelekeza mwizi wa mayai hadi kwenye shimo. Picha ya watoto nyumbani kwako nayo ni hivyohivyo. Squoosh na programu nyingi za kupunguza huzifuta, lakini usidhani tu; fungua maelezo ya faili jipya uhakikishe.

Aliye na picha nyingi asikae kuzipunguza mojamoja. XnConvert kwenye kompyuta, au IrfanView kwa wenye Windows, hupunguza folda nzima kwa mpigo mmoja. Zigawe kwanza kwa tabia zake: mandhari folda moja, vinyago nyingine, vitambaa nyingine, kila folda na kiwango chake. Majina ya mafaili nayo yawe ya maana. "kinyago-ujamaa-mpingo.jpg" linamsaidia anayetafuta, "IMG_2034.jpg" halimsaidii yeyote.

Halafu kagua. Si kwenye kompyuta yako nzuri, bali kwenye simu ya bei nafuu, kwa bando, nje ya nyumba penye jua, kwa sababu hivyo ndivyo mteja wako atakavyoitazama. Azima simu ya jirani kama yako ni kubwa. Ikiwa macho ya kinyago yanaonekana, jina la kanga linasomeka na anga halina ngazi, pandisha.

Na ile ya asili usiifute, hata simu ikikuambia nafasi imejaa. Vioo vya simu vitabadilika, na ya pikseli 1600 inayotosha leo inaweza isitoshe baada ya miaka kumi. Ihamishie kwenye diski ya nje, tena ziwe mbili, kwa sababu chumvi na unyevu wa pwani yetu haviogopi vifaa vya umeme. Moja ikae kwako, nyingine ikae kwa ndugu anayeishi mbali na bahari, Masasi au Newala. Ianze kazi hiyo wiki hii, na picha ulizonazo sasa.